Mbwa Aliyesalimia Wageni

Jumapili iliyopita nilimfukuza mgeni nyumbani kwangu. Sikumtukana, ila alielewa. Alikuwa shangazi wa mume wangu, kaja kututembelea hapa Miyuji, kainua pakiti ya biskuti juu ya kichwa cha mwanangu wa miaka mitatu. "Sema shikamoo. Husemi? Basi hupati." Mtoto anaruka, hafiki, anaanza kulia. "Ukilia ndiyo kabisa hupati." Nikaichukua ile pakiti mkononi mwake. Nikamwambia, shangazi, mwanangu si mbwa, na humu ndani adabu haifundishwi kwa chakula. Akachukua mtandio wake, akasema wasichana wa siku hizi tumesoma mpaka tumeharibika. Mimi nimeishia kidato cha nne, sijui hiyo elimu ya kuharibu mtu ningeipata wapi. Mume wangu tangu siku hiyo ananijibu kwa "mm" na "eeh".

Akifikiri nilikasirishwa na shangazi yake, amekosea. Ile pakiti ilikuwa imefunguliwa, na harufu ikanifikia kabla ya maneno. Biskuti za glukosi, ile harufu ya maziwa ya unga na sukari iliyoungua kidogo. Kwa watoto wengine ni harufu ya sikukuu. Kwangu ni harufu ya mtu anayeondoka. Na neno mbwa halikunitoka kwa bahati mbaya. Najua mbwa anavyofundishwa. Nilimfundisha mmoja mwenyewe, kwa mkono wangu, nikiwa na miaka saba, na nilifanya vizuri mno, nusura nimponze.

Nililelewa na babu na bibi upande wa Bahi, kwenye tembe yenye paa la udongo na zizi la mbuzi lililozungushiwa miiba. Mama alikuwa dada wa kazi Dodoma mjini, kwa mkubwa mmoja wa serikali. Baba sina la kumsema, hakuwepo wa kusemwa. Wenzangu mliolelewa na bibi mnajua ilivyo. Mama ni mtu anayekuja. Anakuja Jumamosi, ananukia sabuni ambayo hakuna mwingine kijijini anainukia, nywele kasuka mtindo mpya kila safari hata unamtazama mara mbili, halafu Jumapili anaondoka na hujui atarudi lini.

Siku ya kuondoka alikuwa na utaratibu wake. Tunasimama kwenye mwanya wa ule uzio wa miiba, mimi na yeye, anatoa biskuti moja kwenye mkoba, anaishika. Nikianza kulia, anairudisha mkobani. Nikimeza kilio, anaitoa tena. Nikinyamaza kabisa, napewa. Safari iliyofuata biskuti ikatoka baada ya kunyamaza muda mrefu zaidi. Ikafika mahali nasimama mkavu kama gogo, namwangalia anapanda baiskeli ya kumpeleka barabarani, na pakiti nzima iko mkononi mwangu. Bibi alikuwa akisema, "Huyu mtoto ana moyo wa kiume." Sikuwa na moyo wa kiume wala wa kike. Nilikuwa nimefundishwa. Nilijua kabisa kwamba nafundishwa, na kwa akili yangu ya utoto niliona ndiyo kazi ya mama, kuja kutoka mjini kufundisha watoto kutolia. Nikadhani akimaliza kunifundisha, nikifaulu, atarudi kukaa.

Basi nikaijua kanuni yake. Unashika kitu kitamu. Unangoja. Akikosea, humpigi, humfokei, unakificha tu. Akipatia, unampa papo hapo, kabla hajasahau amefanya nini. Nikatafuta wa kumjaribia.

Babu alikuwa na mbwa wa mbuzi, rangi ya udongo, sikio moja limekatwa ncha, jina lake Watasema. Kwetu mbwa anapewa jina ili majirani walisikie. Babu alikuwa amegombana na watu fulani juu ya mpaka wa shamba, akaona badala ya kujibu kila siku, amwite mbwa tu. "Watasema, njoo. Watasema, toka hapo." Waliokusudiwa walipita na kuelewa. Mbwa mwenyewe hakuwa na ugomvi na mtu. Alilala mlangoni mwa zizi, akala makoko ya ugali wa uwele aliyotupiwa watu walipokwisha kula, na hakuna aliyewahi kumgusa ila kwa fimbo. Mbwa hakuwa kitu cha kushika. Alikuwa kama mlango, yupo, anafunga.

Mwaka huo mvua zilikuwa zimejaza mbuga mpaka wakulima wa mpunga wakawa wavuvi, na perege walikuwa wengi. Bibi aliwapasua na kuwaanika juu ya paa, kijiji kizima kinanuka samaki na hakuna anayelalamika. Nilianza kuiba vichwa. Kichwa cha perege mkavu ni kigumu, kina chumvi, kinaingia kwenye kiganja cha mtoto vizuri. Nikampelekea Watasema nyuma ya zizi.

Siku ya kwanza aliniangalia mkono, akaniangalia uso, akasogea nyuma. Mkono kwake ulikuwa fimbo. Nikakaa chini, nikaweka kichwa cha samaki kwenye kiganja, nikatazama pembeni kama sina habari naye. Jua likanichoma shingo. Nilikuwa karibu kusinzia niliposikia pumzi ya moto kwenye vidole, halafu ulimi, mkwaruzo wa ulimi, na kichwa hakipo. Naweza kusahau siku ya harusi yangu kabla sijasahau ule ulimi.

Kukaa kitako alijifunza kwa siku mbili. Ukiinua samaki juu ya pua yake, kichwa kinakwenda juu, matako yanakwenda chini, yenyewe. Nikasema "Kaa," nikampa. Kulala ubavu na kujifanya mfu ilichukua wiki, maana alikuwa anachungulia kwa jicho moja kama mtoto aliyeambiwa afumbe macho. Kuzunguka alijifunza kwa kufuata mkono. Kutoa mkono ndiyo alipenda zaidi. Nilikuwa nagusa mguu wake wa mbele, akiuinua nampa. Baadaye nikawa nanyoosha mkono tu, naye anauweka mguu wake kiganjani kwangu, mzito, wenye vumbi na kucha, ananitazama machoni. Halafu nikamfundisha kuinamisha kichwa nikisema "Marahaba." Watoto wa majirani walipoona mbwa anaamkia, walikwenda kuwaita mama zao.

Kuanzia hapo kila mgeni aliyeingia alionyeshwa. "Nyoosha mkono, ananyoosha na yeye." Mgeni ananyoosha, Watasema anatoa mguu, mgeni anacheka, anamtupia alichonacho, karanga, ngozi ya muhogo, kipande cha muwa. Mbwa akaelewa jambo ambalo sikukusudia kumfundisha, kwamba mtu yeyote asiyemjua anakuja na chakula. Nilikuwa na furaha. Nilijiona mwalimu.

Bibi alianza kuuliza. "Hivi perege wa mwaka huu wanazaliwa bila vichwa?"

"Labda paka, bibi."

"Paka gani anayekata vichwa na kupanga viwiliwili mstari?"

Akaongeza, "Mbwa akishazoea mkono wako, kesho anazoea sufuria yangu. Mimi nimekwambia." Lakini hakuviondoa vile vichwa paani. Hilo nililiona.

Babu alikuwa na mtani wake, Mzee Ndahani, wa kijiji cha pili. Utani wao ulikuwa ule wa asili, wa makabila na mababu. Mtani anaweza kukucheka hata msibani na huruhusiwi kununa, na akichukua kitu chako kwa utani, humshitaki, unakikomboa kwa kibuyu cha pombe na maneno. Mchana mmoja babu alikuwa kisimani ananywesha mbuzi, beberu kamwacha zizini na mbwa, bibi na mimi tuko nyuma ya nyumba tunapukuchua karanga. Hatukusikia kitu. Jioni babu anawaingiza mbuzi zizini, beberu hayupo, yule mweupe mwenye pembe za kurudi nyuma.

Hata hatujaanza kutafuta, tukasikia vicheko njiani. Mzee Ndahani huyo, anamvuta beberu kwa kamba, nyuma yake kuna watu kama kumi wamefuata kusikiliza.

"Ndugu yangu," akaanza kabla hajafika, "nimekuja kushukuru. Nyumba yako ina mapokezi. Nimeingia mchana kweupe, mlinzi wako akanyanyuka, akanipa mkono. Nikamwambia marahaba, akainama. Nikamshika beberu sikio, tukatoka wote watatu, mlinzi akanisindikiza mpaka njia panda. Kilichobaki ni kupewa soda."

Watu walishika mbavu. Babu naye akacheka, maana kwa mtani huna namna. Akamwambia, "Umechukua beberu kwa sababu mkeo amechoka kuona uso wako peke yake." Wakacheka tena. Bibi akatoa kibuyu. Watasema alikuwa anapita kwa kila mtu, anatoa mkono.

Watu walipopungua, babu aliacha kucheka. Mwaka ule mbuzi walikuwa wanaibwa. Nyumba mbili za upande wa barabarani zilikuwa zimeamkia zizi tupu. Alinitazama, si kwa ukali, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Mtani anarudisha," alisema. "Mwingine harudishi."

"Nitamwambia aache, babu."

"Utamwambiaje? Anajua maneno?" Akamgeukia Mzee Ndahani. "Wewe si unataka mbwa wa kuwinda?"

"Nipe. Kwangu mbwa hali samaki. Anakula alichokikimbiza."

Mbwa wa Mzee Ndahani nilikuwa nimewaona. Ungeweza kuwahesabu mbavu ukiwa ng'ambo ya shamba, na mmoja alikuwa anatembea kwa miguu mitatu. Nikamshika babu shati. Sikulia, kwa sababu kulia nilikuwa nimeshafundishwa kuacha, ila midomo ilikuwa inatetemeka mpaka bibi akasema, "Mzee, mpe muda."

Babu akafikiri. "Siku ya mnada ujao utapita hapa na mbuzi wako?" Mzee Ndahani akasema atapita. "Basi. Ukifika, mbwa akikubwekea, anabaki. Akikupa mkono, ondoka naye."

Mpaka mnada zilikuwa zimebaki siku tisa.

Nilidhani kumfundisha mbwa kubweka ni kama kumfundisha samaki kuogelea. Nilikosea. Watasema alikuwa ameamua kwamba dunia ni njema. Asubuhi nilimleta mtoto wa jirani aingie na fimbo, akampa mkono. Nikamwambia yule mtoto amtishie, Watasema akalala ubavu, akafa. Alidhani ndicho tunachotaka. Nilikaa chini nikamkumbatia shingo, vumbi lake likaniingia puani, nikamwambia, "Utakwenda kula ulichokikimbiza, na hujui kukimbiza."

Bibi ndiye aliyekuja. Nakumbuka kivuli chake kilifika kwanza. Alikuwa amevaa koti la babu na kofia ya babu, fimbo mkononi, uso mzito.

"Mimi mwizi," alisema. "Nifanyeje?"

Mpaka leo nikiwa na siku mbaya, nakumbuka bibi yangu, mtu wa kanisa, mzee wa kikundi cha akina mama, anavuka uzio wa miiba ndani ya koti linalomfika magotini, anasema hodi kwa sauti nene. Watasema akamwendea, akakaa kitako, akatoa mkono.

"Usimpokee, bibi. Simama tu. Usimpe kitu."

Bibi akasimama. Watasema akatoa mkono tena. Akainama. Akazunguka. Akafa. Akafufuka. Alimaliza kila alichojua, na yule mtu wa koti hatoi chochote. Kichwa cha samaki nilikuwa nacho mimi, nyuma yake, na harufu aliipata. Akanitazama, akamtazama bibi, akaanza kupiga mluzi wa puani, ule wa hasira ndogo. Halafu ikamtoka, "bwe," moja, fupi, hata mwenyewe akashtuka. Nikamrushia kichwa kabla mdomo haujafunga.

Hapo nikaelewa kosa langu. Utamu ulikuwa unatoka kwa mgeni. Ilitakiwa utoke nyumbani.

Siku ya tatu alibweka mara mbili. Siku ya tano alibweka koti likionekana tu juu ya miiba. Bibi akabadilisha, akavaa kanga kichwani, akavaa gunia, akamtuma jirani mmoja, akamtuma mwingine. Tulikuwa tumeshamaliza vichwa vya paani, bibi akaanza kukata vingine mwenyewe, akisema, "Babu yako akiuliza, sema paka." Siku ya nane Watasema alikuwa anasimama kwenye mwanya wa uzio, manyoya ya mgongo yamesimama, sauti inatoka tumboni, hanitazami tena mpaka amalize. Nilimpa mkono, hakuona. Nikafurahi na nikaumia kwa wakati mmoja, kama mtu anayeuza ng'ombe wake kwa bei nzuri.

Siku ya mnada niliamka kabla ya jogoo. Nilikaa ndani ya uzio na vichwa kwenye kopo, Watasema pembeni yangu, babu ameegemea mlango wa zizi, bibi anajifanya anafagia. Jua lilipopanda kidogo, Watasema akasimama. Mtu anakuja. Akaanza kubweka kabla sijamwona, kubweka kwa kweli, meno nje, mwanamke amesimama kwenye mwanya wa miiba amekumbatia mkoba kifuani.

Nywele zilikuwa mtindo nisioujua. Gauni la rangi ya chungwa. Nilimtazama mara mbili, ndipo nikaona ni mama. Hatukuwa tunamtegemea.

"Mwanangu," alisema. "Mshike mbwa."

Hapa ndipo ninapokumbuka kila kitu, hata inzi waliokuwa kwenye kopo. Mimi ningeweza kumkimbilia. Miguu ilitaka. Lakini ng'ambo ya shamba vumbi la mbuzi wa Mzee Ndahani lilikuwa limeshaonekana, na nilijua nikimnyamazisha Watasema sasa, nikimwonyesha kwamba wageni wengine ni wazuri, dakika chache zijazo atatoa mkono. Na mama, kwa mbwa, alikuwa mgeni. Mwaka ule hakuwa amemwona zaidi ya mara tatu. Nikachukua kichwa cha samaki. Nikamrushia Watasema, kama kanuni inavyotaka, papo hapo, mama anaona.

Uso wake sitauelezea. Sasa nami ni mama, naujua kwa ndani.

Bibi aliacha ufagio, akaenda mpaka kwenye uzio, akamweleza kwa maneno mafupi, kwa Kigogo, mambo ya mtani na beberu na mnada. Mama akasikiliza, macho yake yako kwangu. Nilitegemea aseme wamnyamazishe mbwa huyo, upuuzi gani, yeye ametoka mjini na kuanzia barabarani amekuja kwa miguu. Alisema, "Basi nitakaa huku nje mpaka mzee apite. Nisimharibie." Akatandika mtandio wake juani, kwenye mavumbi, na gauni lake la rangi ya chungwa, akakaa.

Mzee Ndahani alifika anaimba. Mkono aliunyoosha kabisa, kwa mbwembwe, watu wa mnada wameshasimama kuangalia. Watasema alimwendea kwa kishindo ambacho mimi mwenyewe kilinisimamisha nywele. Mzee akarudi nyuma, kofia ikaanguka, mbuzi wake wakatawanyika, na mtu mmoja akasema, "Mzee, leo hakuna soda." Babu alicheka mpaka akashika nguzo. "Anabaki," alisema. "Kamata mbuzi wako uende, mlinzi wangu ana kazi."

Nikampa vichwa vitatu mfululizo. Nje ya uzio mama alikuwa anapiga makofi.

Nilimwingiza mama kwa kumshika mkono, Watasema ananguruma mpaka mlangoni. Nilikuwa nimemfundisha kusema mgeni ni nani. Kumwambia nani ni wa hapa, hilo sikuwa nimelifundisha.

Jioni bibi anasonga ugali, mama amenikalisha kati ya magoti yake ananifumua nywele, nikamweleza yote. Nilitaka anisifu. Nikamwambia, "Nilimfundisha kama wewe ulivyonifundisha."

"Nilikufundisha nini mimi?"

"Kutolia ukiondoka. Kwa biskuti."

Vidole vikasimama kichwani kwangu. Mwiko wa bibi nao ukasimama, nadhani, au mimi ndiye sikuusikia tena. Halafu mama akaendelea kufumua, taratibu, na nilihisi maji yanadondoka kwenye utosi wangu, moja, halafu jingine. Sikugeuka. Nilidhani nimemkosea na kwamba safari hii sitapewa.

Asubuhi alisimama pale kwenye mwanya wa uzio. Hakufungua mkoba. Aliniambia, "Leo ukitaka kulia, lia." Mimi sikujua naanzia wapi. Nilisimama mkavu. Alipofika kwenye mti wa kwanza wa njiani ndipo ikanitoka, sauti ambayo sikujua ninayo, mpaka mbuzi wakageuka. Mama akarudi mbio. Mwenye baiskeli akamwita, akamwita tena, akaondoka. Basi la barabarani likamwacha. Akaenda mjini kesho yake.

Alichelewa siku moja tu. Mkubwa wa ile nyumba alimwambia hawezi kukaa na msichana asiyejua saa. Miaka yote amewalelea watoto wao, amewaogesha, anajua nani anaogopa radi na nani hali bamia, siku moja kwa mtoto wake wa kumzaa ikawa kosa. Hasira yangu ilianzia hapo na sijaimaliza, shangazi wa watu aliikuta njiani tu. Mimi nami siku hizi natoka asubuhi kwenda dukani kwa mtu, namwacha mwanangu kwa jirani, na naondoka kwa mlango wa mbele, ananiona, analia, namwacha alie, na jirani ananiona mkatili.

Wiki iliyofuata mama alirudi na begi lake lote, na godoro limefungwa kamba. Watasema alimbwekea kwa nguvu zake zote. Sikumpa kichwa cha samaki. Sikumfokea pia. Mama alikaa chini ndani ya uzio, mikono mitupu, akatazama pembeni kama hana habari naye, na nilijua hakuna aliyemfundisha hilo. Alirudia kesho yake na kesho kutwa. Mbwa alimzoea kwa siku nne.

Mimi nilichelewa zaidi. Nilimwamkia kila asubuhi vizuri kama mgeni, nikajibu nilichoulizwa, nikaenda kucheza mbali naye. Hakunisogeza. Alikuwepo tu, analima, anachota maji, ile sabuni yake imekwisha anaanza kunukia moshi kama sisi. Mpaka mvua za kwanza. Tulikuwa shambani wote, ardhi imelowa, jembe likaniteleza likanikata kidole cha mguu, nikamkimbilia nikilia kabla sijatazama mikononi mwake kuna nini.